Maswali ya Wasomaji: Dubwana la Ziwani, Silakanti wa Malindi na Mabonge ya Mkondo wa Lamu

Assalaam aleikum. Mwaka 2001 alivuliwa nje ya Malindi yetu silakanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosau. Kama yeye alijificha miaka yote hiyo, mbona wataalamu wanalikataa dubwana linalosemwa kuishi katika ziwa la Loch Ness huko Uskoti? (Msomaji wa Barani, Malindi)

Waaleikum salaam. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote wanazotoa wenye kuamini, na inastahili jibu la haki.

Silakanti wa kwanza kufika mikononi mwa wanasayansi alitoka kwenye meli ya uvuvi mwaka 1938 huko East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo ndiye aliyemtambua kuwa si samaki wa kawaida. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na huko wavuvi walikuwa wakimjua siku nyingi kwa jina la gombessa. Kwa hiyo hakuwa amejificha kwa kila mtu. Mvuvi alimjua, msomi ndiye hakuuliza. Tena huyu anaishi kwenye miamba na mapango ya chini, mita mia na zaidi, katika bahari isiyo na ukuta, na hana haja ya kuja juu kuvuta pumzi.

Loch Ness ni kisa kingine. Ni ziwa lenye urefu wa kilomita kama 37, upana wa kilomita moja na nusu hivi, na kina kinachofika mita 230. Miaka kama 10,000 iliyopita bonde lile lilikuwa bado limejaa barafu, ilhali plesiosauri, yule mtambaazi wa baharini mwenye shingo ndefu anayetajwa mara nyingi, alitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Angekuwapo, angelazimika kuibuka kuvuta hewa kila siku mbele ya watalii wenye kamera. Wala mmoja hatoshi: ili kizazi kidumu lazima liwe kundi, na kundi hilo lazima lipate chakula. Makadirio ya watafiti ni kwamba samaki wote wa ziwa hilo wana uzito wa tani 20 hivi. Kwa kawaida wawindaji huweza kulishwa kwa sehemu moja ya kumi tu ya uzito wa windo lao, yaani tani 2 kwa kundi zima. Hiyo haifiki hata uzito wa ndovu dume mmoja.

Na si kwamba hawakutafuta. Mwaka 1987 boti zilijipanga safu moja zikalipitia ziwa kwa sona, chombo kinachopima kwa mwangwi wa sauti majini. Mwaka 2003 BBC walirudia kwa miali 600 ya sona, wasipate kitu. Mwaka 2018 Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alichota sampuli za maji akatafuta DNA iliyoachwa na viumbe. Majibu ya 2019: hakuna DNA ya mtambaazi, ila ya mkunga, samaki mwenye umbo la nyoka, wa maji baridi tele. Magazeti yakarukia mkunga mkubwa ajabu, jambo ambalo DNA haiwezi kulisema, kwa kuwa haipimi ukubwa wa mnyama.

Na hili dubwana lilianza kuonekana lini? Kwa nini 1933 na si zamani? (Msomaji wa Maweni, Malindi)

Visa vya zamani vipo, ila gumzo la kisasa lilianza tarehe 2 Mei 1933, gazeti la Inverness Courier lilipochapisha habari ya watu waliodai kuona kitu kikubwa kikigaragara majini. Wakati ule ule barabara ya ukingo wa kaskazini ilikuwa imetengenezwa upya, magari yakawa yanapita mahali ambapo ziwa laonekana wazi. Macho yaliongezeka.

Ndipo walaghai wakaingia. Desemba mwaka huo Marmaduke Wetherell, mwindaji aliyetumwa na gazeti la Daily Mail, alionyesha nyayo ufukweni. Wataalamu wa makumbusho ya London walizikagua wakakuta ni wayo mmoja wa kiboko, wa aina iliyokaushwa na kufanywa pambo la nyumbani, umegandamizwa mara kwa mara. Mtu wa Mto Sabaki wetu wenye viboko angelimaliza jambo hilo asubuhi ile ile. Aprili 1934 gazeti hilo likatoa picha maarufu ya shingo ndefu. Ilikuwa nyambizi ya kuchezea watoto iliyopachikwa kichwa. Ukweli wake ulitangazwa mwaka 1994. Picha iliyochapishwa ilikatwa kingo. Ile kamili inaonyesha ufuko wa mbali na ziwa pana, na hapo ndipo kile kitu kinapoonekana kidogo.

Alfajiri, kati ya Lamu na Manda, kijana wetu alirekodi kwa simu mabonge matatu meusi yakienda kwa mstari, na maji shwari, hakuna boti. Tutajuaje ni nini? (Msomaji wa Langoni, Lamu)

Kwanza ulizeni boti iliyopita *kabla*. Mawimbi ya boti ya injini yanayofuatana kila sekunde 3 husafiri, kama kundi, mita 2 na kidogo kwa sekunde. Boti iliyopita mita 600 mbali imekwishapotea nyuma ya kona ya Mokowe wakati mawimbi yake yanapowafikia baada ya dakika nne na ushei. Maji yakiwa shwari, kila wimbi huonyesha upande wa kivuli, nalo huonekana bonge jeusi. Mawimbi yakigonga ukuta wa gati na kurudi, yakakutana na yanayokuja, mabonge husimama mahali pamoja kana kwamba yanahema. Loch Ness ina kingo zilizosimama, na jambo hili hutokea huko sana.

Pili, pimeni ukubwa. Nyosheni mkono, fumbeni jicho moja, angalieni kitu ni kama upana wa kidole gumba mara ngapi. Gawanyeni umbali kwa 30, kisha zidisheni kwa idadi ya vidole. Kitu cha kidole kimoja kilicho mita 300 kina mita 10. Mkikosea umbali mkadhani ni mita 600, mmelipata dubwana la mita 20. Kosa hili ndilo linalozaa madubwana mengi, kwa sababu juu ya maji matupu jicho halina kitu cha kulinganisha. Kwa hiyo anayerekodi aache kuvuta picha karibu, aingize chelezo, mlingoti au mkoko ndani ya picha, na aandike saa, upepo na hali ya maji: yanajaa au yanapwa, ni bamvua au maji mafu.

Tatu, linakwenda na mkondo au kinyume? Gogo la mkoko hufuata maji. Likienda kinyume, huenda ni mnyama. Pomboo wakifuatana huonekana mwili mmoja mrefu, ila kila mgongo una pezi. Nguva hana pezi mgongoni, na siku hizi ni nadra. Papa potwe huonyesha pezi la mgongo na ncha ya mkia zikiachana mita kadhaa. Kasa hutoa kichwa tu, sekunde chache, akazama.

Nne, mazigazi. Hewa ya joto ikikaa juu ya maji baridi, mwanga hupinda, na jiwe fupi huonekana nguzo. Mwaka 1979 Waldemar Lehn wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, alieleza hivi baadhi ya madubwana ya maziwa. Kipimo ni rahisi: pandeni ngazi za gati au dari ya nyumba. Mazigazi hubadilika jicho likipanda, mnyama habadiliki.

Kwa maelezo mliyotoa, tunaelekea kwenye mawimbi.

Wazee wanasema chunusi, jini wa majini, ndiye anayevuta waogeleaji karibu na mlango wa Sabaki. Je, ni uongo? (Mzazi, Mambrui)

Wazee hawasemi uongo kuhusu waliozama. Imani za namna hii hushika pale ambapo maji yameumiza watu kweli. Watonga wa Zambezi wana Nyami Nyami, joka la mto. Bwawa la Kariba lilipokuwa likijengwa, mafuriko ya 1957 na 1958 yaliharibu kazi, wakati ambapo Watonga karibu 57,000 walikuwa wakihamishwa. Kwao hasira ya mto ilikuwa na maana iliyo wazi.

Kinachovuta hapo mara nyingi ni mkondo unaorudi baharini kati ya mafungu ya mchanga, unaoweza kuzidi mita 2 kwa sekunde, kasi isiyoshindika hata na muogeleaji wa Olimpiki. Haumzamishi mtu. Humpeleka nje, naye huzama kwa uchovu akipigana kurudi moja kwa moja. Fundisheni watoto hivi: usishindane nao, elea, ogelea kwa ubavu sambamba na ufuko mpaka uvutaji ulegee, kisha ingia nchi kavu kwa mshazari pale mawimbi yanapovunjika. Mlangoni penyewe wasiogelee kabisa, kwa kuwa Sabaki ina viboko na mamba, na maji yake ya tope hayaonyeshi kitu.

Kama wazazi wanasema "chunusi yupo pale" na watoto wanakaa mbali, hatuna ugomvi nao.