Ghala la mbolea kando ya ziwa: jipangeni kabla ya moto

Ndugu Katibu, umeuliza chama chenu cha ushirika kijiandae vipi iwapo moto utazuka katika ghala lenu la Mkuyuni, lenye mbolea za urea, DAP (yenye fosfeti) na CAN (yenye nitrojeni na chokaa). Hofu yangu kubwa ni CAN, kwa kuwa ndani yake mna amonia nitrati, kemikali iliyolipuka Beirut, Lebanoni, tarehe 4 Agosti 2020. Chokaa iliyochanganywa humo huipunguza ukali, lakini haiondoi hatari ikikutana na dizeli au moto mkali. Kwa hiyo madumu ya mafuta na marobota ya pamba uliyosema yamebanwa ukutani yahamishwe leo, wala si baada ya msimu.

Moshi wa kahawia ukionekana, watu wakimbie, wasijaribu kuokoa magunia. Hapa Mwanza mchana upepo hutoka ziwani na usiku hugeuka, hivyo tengeni sehemu mbili za kukusanyikia, ili moja isiwe upande moshi unakoelekea, na mlinzi azijue zote. Zimamoto, namba 114, waalikeni mapema walione ghala. Orodha ya kilichomo, pamoja na uzito wake, ikae kwa mlinzi getini, maana ikifungiwa ofisini itaungua na vingine.

Jambo linaloniuma zaidi ni mtaro wenu unaoshuka moja kwa moja ziwani: maji ya kuzimia moto yatabeba amonia inayoua samaki, na fosfeti inayolisha magugu maji. Jengeni tuta mlangoni na shimo la kuyakusanya kabla ya masika.