Hoteli kwanza, barabara baadaye: ushauri kwa mnaopenda kuendesha kando ya bahari

Watu wengi wakipanga safari ya kuendesha kando ya bahari wanaanza na barabara, wanaangalia picha za kona na madaraja, wanahesabu kilomita, afu hoteli inakuja mwishoni kabisa, pale watakapochokea ndo hapohapo watalala. Mi nakwambia geuza. Kama umeamua kujipa raha ya hoteli ndogo ya kifahari, buku hoteli kwanza, waulize wanapokea wageni mpaka saa ngapi na chakula cha usiku wanapakua saa ngapi, ukishajua hayo ndo uhesabu kurudi nyuma uone asubuhi utatoka saa ngapi.

Maana hizi hoteli za vyumba sita nane zina mambo yake. Hakuna risepsheni inayokesha, wafanyakazi ni watu watatu wanne, mpishi mmoja ambaye naye anataka kwenda kulala, na saa nyingine mwenye hoteli mwenyewe ndo anakuja kukufungulia geti na tochi mkononi. Utamu wa ile hela uliyolipa upo kati ya saa 10 jioni na saa 3 usiku: chai ya kukaribishwa, kile kibaraza kinachotazama maji, kuoga bila haraka, kula ukiwa bado na hamu. Ukiingia saa 4 usiku macho mekundu, mgongo umekufa, umelipia kitanda tu, na kitanda si unacho nyumbani.

Sa shida ni kwamba barabara za pwani zinadanganya. Kule Cape Town kuna kipande kinaitwa Chapman's Peak Drive, ni kilomita 9 tu lakini kina kona 114, sasa wewe piga hesabu mwenyewe mguu unakaa kwenye breki mara ngapi. Great Ocean Road ya Australia, ile waliyoijenga wanajeshi waliorudi vitani kati ya 1919 na 1932, ina kama kilomita 240, ukiiona kwenye ramani unasema aah hii ni nusu siku, kumbe kila baada ya kona mtu anasema simama hapo, simama kidogo tu nipige picha moja, na hiyo picha moja ni robo saa. Mi siku hizi nachukua muda unaosemwa na simu nazidisha mara mbili, basi. Nikiwahi sijapoteza kitu, nakaa pale hotelini na miguu yangu juu ya kiti.

Alafu angalia unaendesha ukielekea wapi, hili watu hawalifikirii kabisa. Unataka bahari iwe upande wako wa barabara, isiwe ng'ambo ya magari yanayokuja, kwanza kwa kuona, pili hata kuingia sehemu za kusimama na kutoka inakuwa rahisi, hukati mbele ya magari ya watu. Nchi wanazoendesha kulia, kama Marekani na Italia, bahari iwe mkono wa kulia, kwa hiyo Highway 1 ya California unaiteremka kutoka kaskazini kwenda kusini, na ile ya pwani ya Amalfi, kule Italia, unaanzia upande wa Sorrento. Nchi za kuendesha kushoto ni kinyume chake, Great Ocean Road unaianza Torquay unaelekea magharibi, na Chapman's Peak unatokea Noordhoek kwenda Hout Bay. Ila kuelekea magharibi kuna dawa yake chungu: kuanzia saa 10 jioni jua linakuwa usoni kabisa, na kioo cha pwani kina chumvi, basi huoni kitu, ni mng'ao mtupu. Beba chupa ya maji ya kumwagia kioo, usikisugue kikavu, ile chumvi na mchanga vinakwaruza.

Asubuhi kabla hujawasha gari, piga simu hotelini. Sio kuwathibitishia, wanajua unakuja, ila waulize njia ikoje. Hizi barabara zimechongwa kwenye mwamba na mvua ikinyesha mlima unashuka. Ile ya Big Sur, kipande cha Highway 1 ya California, iliyofunguliwa 1937, mwezi wa Mei 2017 ilifukiwa na maporomoko sehemu inaitwa Mud Creek na ikakaa imefungwa hapo zaidi ya mwaka, mpaka Julai 2018. Na pale Amalfi msimu wa watu wengi kuna utaratibu wa namba za magari kupokezana siku, witiri siku yao na shufwa siku yao, sasa ukifika na gari la kukodi hujui hili unatafuta faini bure. Watu wa hoteli ndogo wanayajua haya yote kwa sababu mboga zao na wafanyakazi wao wanapita barabara hiyohiyo kila siku. Sehemu moja mama mwenye hoteli alituambia kwenye simu, "Msipite njia ya chini leo wanangu, ukungu umelala, zungukeni juu, ni mbali kidogo ila mtaona mnakokwenda." Tukazunguka. Tukafika saa 9 mchana, wageni wengine waliong'ang'ania njia ya chini tukawaona wanaingia giza limeshaingia wala hawaongeleshani.

Ukungu wenyewe sio bahati mbaya, una msimu. California kwa mfano maji ya bahari ni ya baridi, hewa yenye unyevu ikipita juu yake inageuka ukungu, na inatokea sana kuanzia Juni mpaka Agosti, miezi ileile ambayo watu wanajazana. Septemba na Oktoba ndo anga linakuwa safi. Kwa hiyo kabla hujalipia chumba cha mandhari uliza mwezi huo mandhari yapo au ni pazia jeupe tu.

Na dereva jamani mumwonee huruma. Yeye haoni chochote, nyie mnapiga kelele oneni pomboo oneni mawimbi yeye anaangalia lori. Pokezaneni, na kama dereva ni mmoja basi simameni mara nyingi. Kwenye mteremko mrefu shusha gia uache injini ikushikilie, usikae juu ya breki mpaka zinuke. Mwenye haraka nyuma yako mpishe, ingia pembeni apite, usiendeshe kwa pressha ya mtu ambaye hata humjui. Anayetapika kwenye kona akae mbele aangalie mbali pale bahari inapokutana na anga, aache simu, na zile dawa za kichefuchefu zinaleta usingizi kwa hiyo dereva asiguse. Mafuta jaza mapema, ramani shusha kwenye simu kabla, maana netiweki inapotea palepale barabara inapokuwa nzuri. Hayo mengine unayajua.

Sasa tuje kwenye hoteli yenyewe, hapa ndo napenda.

Neno kifahari kila mtu anaweza kuliandika. Pwani mi sidanganywi na mito kumi juu ya kitanda wala maua kwenye beseni, naangalia wanavyopigana na chumvi. Ukiingia chumbani kabla hujavua viatu shika komeo la dirisha ulizungushe. Hewa ya bahari inakula chuma, inaota kutu, na shaba inafanya ukijani, kwa hiyo komeo likizunguka laini, bawaba za mlango hazilii, bomba la shawa halina ule ukoko mweupe kwenye matundu, ujue kuna mtu anapita na kitambaa na mafuta mara kwa mara, na mtu huyo hata jikoni kwao kuko vizuri. Alafu fungua kabati unuse. Likitoa harufu ya uvundo, funga, vaa tabasamu lako, rudi ukaombe chumba kingine. Shuka nazo zishike kwa kiganja, pwani shuka isipokaushwa vizuri inabaki na ule ubaridi, unajilaza unahisi kama imetoka kufuliwa sasa hivi. Kuna hoteli moja ya vyumba vichache sana, jengo la zamani wala halina mbwembwe, tulipoingia dada alikuwa anapitisha pasi juu ya shuka palepale kitandani, mvuke unapanda, anasema ni lazima kila jioni kabla mgeni hajalala. Hiyo kwangu ndo kifahari, bafu la marumaru baadaye.

Chumba kinachotazama bahari moja kwa moja sio lazima kiwe ndo bora, japo ndo cha bei zaidi. Mawimbi kwenye video ni matamu, usiku wa manane kwenye mwamba chini ya dirisha ni kishindo, na kama una usingizi mwepesi utahesabu mpaka asubuhi. Upepo nao unapiga mluzi kwenye fremu. Chumba cha kona au cha ubavuni mara nyingi unapata maji kidogo, bustani kidogo na usingizi wote. Uliza pia dirisha linatazama wapi, la mashariki litakuamsha na jua hata hujapenda, la magharibi mchana linageuka tanuri kama hakuna feni wala kiyoyozi kinachoeleweka.

Kitu kingine ni maji yenyewe. Sehemu nyingi bahari inajaa na kukupwa mara mbili kwa siku na kila siku inachelewa kama dakika 50, kwa hiyo picha uliyoiona ilipigwa maji yamejaa, wewe ukifika yamekupwa unakuta matope na mawe mpaka mbali. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti inakuwa kubwa zaidi, maji yanakuja mpaka ukutani afu yanakimbia mbali kabisa. Ukiwaomba ratiba ya maji wanakupa, wengine wanaiandika ubaoni. Kama hamu yako ni kuogelea jioni ukishafika, chagua tarehe maji yanajaa jioni. Ni swali dogo ila hata mimi nilishangaa linavyobadilisha siku nzima.

Na sehemu za karibu na ikweta fika mapema kuliko unavyodhani, kule jua likishazama haichukui hata nusu saa giza limekamata. Ukienda kaskazini sana wakati wa kiangazi unayo jioni ndefu, unaweza kujivuta. Ila barabara ya kona gizani mi siifanyi popote, bahari yenyewe huioni, sa umeendea nini.

Lala usiku miwili kama mfuko unaruhusu. Usiku wa kwanza mwili bado unapinda kona, ukifumba macho barabara inaendelea. Siku ya pili ndo unakaa kwenye kile kibaraza vizuri, unajua kikombe kipo wapi, wanajua chai yako unakunywaje, mpishi anakuuliza leo unataka nini badala ya kukupa menyu. Hela ikitosha usiku mmoja tu, basi siku hiyo endesha kidogo, hata masaa mawili, uingie mlango ukifunguliwa na kesho yake utoke wa mwisho. Bora usiku mmoja hivyo kuliko mitatu ya kukimbizana na hoteli tofauti kila siku.

Waambie mapema usichokula, sio pale mezani, kwa sababu wananunua vya watu waliopo, hakuna stoo ya ajabu nyuma. Kama una watoto uliza kabisa wanapokelewa, nyingi hazichukui na wala usikasirike, kuta ni nyembamba na watu wamelipia ukimya. Ulizia pakingi, ngazi za kwenda chumbani ni ngapi kama umeongozana na mzee, maana nyumba za kwenye mwamba lifti hazina. Bahasha ya asante kama lipo sanduku la pamoja weka humo, aliyepiga pasi shuka humuoni wakati unaondoka.

Ukifika nyumbani osha gari siku hiyohiyo, na usioshe juu tu, mwaga maji mengi chini kwenye matairi na tumbo la gari, chumvi inajificha huko. Kama ni la kukodi lipige picha kabla hujalirudisha.