Kabla hujampeleka mzazi wa kitimwendo mbugani, uliza kuna ngazi ngapi

Mama yangu alipata kiharusi miaka minne iliyopita, upande wa kushoto haujarudi sawasawa, tangu hapo ni kitimwendo. Tunakaa Igoma, hapa Mwanza. Watu wamenitumia sana meseji wanauliza nilimfikishaje mpaka Nairobi akaangalia wanyama bila kubebwa na mtu, basi leo ngoja niandike yote.

Na hapo kwenye kubebwa ndipo penyewe. Kabla ya Nairobi nilishampeleka sehemu nyingine, nikapiga simu kwanza, nikauliza jamani panapitika na kitimwendo? Nikaambiwa ndiyo dada, karibuni sana. Tunafika, ngazi za mawe kumi na kitu. Wakaja vijana watatu, wana roho nzuri kabisa siwalaumu, wakamnyanyua na kiti chake, mama kafumba macho kang'ang'ania kanga yake kifuani mpaka wanamshusha. Usiku akaniambia, "Mwanangu, leo nimebebwa kama gunia la mpunga." Hakuongeza neno. Niliumia sana.

Kwa hiyo usiulize "panapitika?", kila mtu atakujibu panapitika. Uliza kuna ngazi ngapi kuanzia gari linapopaki mpaka wanyama walipo, mlango wa choo una upana gani (pima kiti chako kwanza, cha mama ni sentimita 65 ukihesabu na zile ringi za kusukumia), halafu omba wakupigie picha ya pale mlangoni wakutumie WhatsApp.

Tulikoenda sasa panaitwa Nairobi Safari Walk, ipo pale geti kuu la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, barabara ya Lang'ata. Ni njia ya mbao iliyonyanyuliwa juu ya ardhi, wanyama wako chini na pembeni, unapita sehemu ya maji maji, halafu nyika, halafu msitu. Simba, chui, duma, kifaru mweupe wote wapo. Ni maeneo yamezungushiwa, siyo kama unaingia Serengeti, ila kwa mtu aliyekaa ndani miaka minne akiangalia ukuta wa jirani hiyo tofauti haina maana yoyote.

Safari yenyewe msiifanye kwa siku moja. Sisi tulitoka stendi ya Nyamhongolo asubuhi, Lamadi, Bunda, tukavuka mpaka pale Sirari, tukalala Kisii, kesho yake ndio Nairobi. Mgonjwa wa kiharusi akikaa basi siku nzima miguu inavimba na makalio yanachubuka, weka mto mzito na kila mkisimama muinue kidogo. Hati za kusafiria ziwe mkononi siyo ndani ya begi kwenye buti. Sweta lazima, sisi wa ziwani tunadharau baridi ya kule, mwezi wa saba mama alitetemeka. Na kiingilio hawapokei noti, unalipia mtandaoni kwenye eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali ya Kenya, kwa hiyo uwe na kadi ya benki au ndugu mwenye laini ya Kenya akulipie, usije ukaanza kuhangaika getini na mama yuko juani.

Sasa kusukuma kiti kwenye mbao ni kazi yenye ufundi wake, hii hakuna aliyenifundisha. Yale magurudumu madogo ya mbele ndio yanasumbua, yakikuta nafasi kati ya ubao na ubao yanajipinda yananasa, mgonjwa anarushwa mbele. Ukiona mbao zimeachana geuza kiti upite kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Jaza upepo vizuri nyumbani, beba pampu na spana. Kama mvua imenyesha subirini zikauke, mbao mbichi zinateleza na kwenye mteremko uzito wote unakuja kwako. Ukisimama funga breki zote mbili hata kama unaona pako sawa.

Halafu kitu cha kukitazama wewe mwenyewe, chuchumaa uwe kimo chake. Mimi nilikuwa nasema mama unamuona yule? ananiambia namuona, kumbe ubao wa juu wa kizuizi uko sawa na macho yake, anaitikia tu asinisumbue. Nikachuchumaa nikaelewa. Nikakiweka kiti kiubavu, nikamuongezea mto, akawa anaangalia kwa juu ya ubao.

Ndipo akamuona bongo. Ni swala mkubwa, mwekundu wa kahawia na michirizi myeupe mbavuni, wa milimani kule Kenya waliobaki porini hawafiki 100. Alikuwa amesimama kwenye kivuli anatafuna majani, masikio yanazunguka. Mama akaniambia niache. Nikaachia kiti. Akasukuma kwa mkono wake wa kulia na mguu wa kulia, pole pole, kiti kinakwenda upande anakirudisha, pengine hatua kumi tu, akafika alipotaka. Tulikaa pale karibu nusu saa na sikumharakisha.

Nendeni asubuhi mapema, mchana wanyama wengi wanalala na watoto wa shule wanajaa njiani.

Sasa hivi mama ananisumbua anataka Saanane, na haki yake, ipo hapa hapa mjini, hifadhi ya taifa tangu 2013, kilomita za mraba 2.18 tu, tunaiona kila siku tukipita Capripoint. Ila ni kisiwa cha mawe na unakwenda kwa boti. Jumamosi naenda peke yangu na futi, nipime gati na kimo cha boti, nihesabu na ngazi.