Kabureta Ziguswe Mwisho

Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikizungusha nati za kabureta za gari langu, MGB la mwaka 1967, nikiamini kwamba kosa lote lilikuwa hapo. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 ilikuwa imeongezewa nguvu: njia za hewa za silinda hedi zilichongwa upya, ikafungwa kemshafti inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, na ekzosi ikabadilishwa, lakini kabureta zilibaki zilezile mbili, SU HS4, zenye sindano zilezile. Gari liliwaka vizuri na kutulia vizuri; ila nikikanyaga mafuta hadi mwisho, likifika mizunguko 4,000 kwa dakika lilikuwa likikohoa na kuishiwa nguvu.

Anza na mambo yasiyokuwa kabureta. Mwanya wa valvu uwe ule aliouelekeza mtengenezaji wa kemshafti mpya, si ule wa kitabu cha gari, kisha safisha plagi na pointi na upime timingi, yaani wakati plagi zinapotoa cheche, kwa taa yake, kwa sababu moto unaochelewa hudhaniwa kwa urahisi kuwa ni upungufu wa petroli. Baada ya hapo tafuta hewa inayoingia kwa njia isiyo yake. Shika ncha ya shafti ya kipepeo, yaani kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa ndani ya kabureta, na uitikise juu na chini. Ikicheza, tundu lake limelika, na marekebisho yoyote utakayofanya leo yatakuwa yameharibika kesho. Ya kwangu moja ilicheza, nikabadilisha shafti pamoja na bushi zake.

Sasa fungua vichujio vya hewa, inua pistoni ya kabureta kwa kidole na uiachie. Inapaswa kushuka bila kukwama na kugota chini kwa mlio mkavu wa chuma. Usiposikia mlio huo, huenda sindano iliyofungwa chini ya pistoni inasugua jeti, yaani kijibomba cha petroli inamoingia, au kuna uchafu ndani, na usiendelee mpaka ulirekebishe.

Kusawazisha kabureta mbili ni kazi ya masikio, nami naipenda kuliko zote. Injini ikiwa imeshapata joto lake la kawaida, legeza kiungo kinachofunga shafti mbili pamoja ili kila kipepeo kijitegemee, kisha weka ncha moja ya mpira mwembamba kwenye mdomo wa kabureta na nyingine sikioni. Utasikia mluzi wa hewa. Rekebisha skrubu za kasi mpaka mluzi wa kabureta zote mbili uwe sawa, kaza kiungo, kisha sikiliza tena kwenye mizunguko 1,500, maana vipepeo vinaweza kulingana vikiwa vimefungwa na kuachana mara tu vinapoanza kufunguka. Kemshafti ya namna hii haitulii kwenye kasi ya chini ya kiwandani, kwa hiyo usione vibaya kuiacha injini kwenye mizunguko 900 hadi 1,000.

Nati iliyo chini ya jeti, yenye pande sita, huongeza au kupunguza petroli. Ukiishusha jeti, petroli huongezeka. Hapa ndipo nilipopoteza miezi yangu miwili. Nati husogeza kiwango chote kwa pamoja, lakini kinachoamua petroli ipite kiasi gani pistoni inapozidi kupanda ni unene wa sindano katika kila sehemu ya urefu wake. Injini inayovuta hewa nyingi zaidi kwenye kasi kubwa huhitaji sindano iliyo nyembamba zaidi kuelekea nchani, na kushusha jeti ili kuziba pengo hilo hukuletea moshi mweusi gari likiwa limesimama.

Hatimaye nilifunga kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi. Kwenye mwendo wa kawaida kilionyesha uwiano wa hewa kwa petroli wa karibu 14 kwa 1, jambo ambalo halikunisumbua, lakini nikikanyaga hadi mwisho ulipanda kupita 15, ilhali nguvu nyingi hupatikana kati ya 12.5 na 13. Mchanganyiko mkavu namna hiyo, yaani wenye petroli kidogo mno, chini ya mzigo mkubwa unaweza kutoboa pistoni za injini. Nilibadilisha sindano mara tatu, zote mbili kwa pamoja, bila kugusa kitu kingine kati ya jaribio moja na jingine. Kwa sindano za tatu kipimo kilikaa kwenye 12.8, gari likavuka mizunguko 4,000 bila kukohoa, na nati zikahitaji kuzungushwa kwa kiasi cha upande mmoja tu kati ya pande zake sita.