Uliyeagiza nyembe za Feather kwa ajili ya sendoff: usiguse shingo Ijumaa!

Chalii wa Sakina, tulia kwanza.

Umeandika kwamba una miezi mitatu na mashine ya chuma, ile ya kufungua unaweka wembe, na nyembe za kawaida za dukani zinakuvuta ndevu. Sasa umeagiza Feather za Japani, nyembe zinazosifika kwa ukali, na Jumamosi kuna sendoff ya dada yako, kwa hiyo unataka kuzijaribu Ijumaa usiku "ili niamke laini". Ukauliza na habari ya sabuni, brashi na kunyoa kichwa. Mimi nilipofika kwenye Ijumaa usiku nikajikuta nimeshika shingo yangu. Mengine sikuyasoma vizuri, nisamehe.

Mimi niko Moshi. Mashine yangu niliipata Memorial kwenye mitumba, imelala kati ya vijiko na spana, nikaisugua kwa dawa ya meno mpaka ikang'aa. Mwaka mzima nikanyolea nyembe za bei ya chini, na kwa kuwa zilikuwa hazikati sawasawa, mkono ukazoea kukandamiza. Sikujua kama nakandamiza. Wewe pia hujui, na ndiyo maana naandika kwa hasira.

Kaka yangu akawa anaoa Machame, bestimani ni mimi. Siku mbili kabla, muuza duka mmoja Mbuyuni akaniambia vipele vyangu vinatokana na nyembe butu. Akanitolea paketi ya nyembe kali: "Hizi zinakata mpaka chini, kaka. Pita kwenda chini, pita upande, malizia kinyume. Utateleza kama mtoto." Nikamwamini mtu ambaye yeye mwenyewe ana ndevu mpaka kifuani! Nikaenda nyumbani kuhakikisha YouTube, nikakuta Mzungu anasema vilevile, mara tatu, mara ya mwisho kinyume. Kwake ni sawa, maana nywele zake zimenyooka kama za mahindi. Zangu zimejikunja, na bila shaka zako pia.

Ijumaa saa nne usiku nikaanza. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba wembe mkali hauumi. Ule butu unakwaruza, unakupa taarifa. Huu unapita kimya, mkono unaendelea na ubabe wake wa mwaka mzima, na wewe unafurahi. Nikavuta ngozi ya shingo ikakaza, nikapandisha kinyume kutoka kooni hadi kidevuni. Povu likawa la pinki. Naapa nilidhani ni rangi ya sabuni.

Kikoromeo kilikuwa kimechanjwa mara tatu. Nikapaka shabu, nikaona nyota, nikabandika vipande vya karatasi ya chooni, nikalala chali kama maiti. Asubuhi kola ya shati jeupe ikapata madoa, mama akanifunga skafu. Julai ilinisaidia, baridi ilikuwepo, watu wakadhani ni mafua. Kwenye picha tumesimama nyuma ya ndafu, na ukweli usemwe, yule mbuzi alinyolewa vizuri kuliko mimi.

Na hapo michubuko ndiyo ilikuwa nafuu. Jumatano shingo nzima ikafumuka vipele vyenye usaha. Daktari wa ngozi akanieleza kwa upole unaokera: ukivuta ngozi na kunyoa kinyume, unywele unakatwa chini ya usawa wa ngozi. Ukiachia, unazama. Ukianza kuota tena umejikunja, na ncha yake imechongwa kama mkuki, basi unachoma nyama kutokea ndani. Nikaambiwa nisiguse wembe mwezi mzima. Kazini bosi akaniuliza kama nimefiwa. Alama mbili bado ninazo, shemeji anaziita medali.

Sasa nisikilize. Siku ya kwanza ya wembe mkali, unapita MARA MOJA, kwa mlalo wa ndevu, yaani kuelekea zinakolala, bila kukandamiza, kisha unasuuza na kuiweka mashine kabatini. Ukibaki na vinywele, baki navyo. Shika mpini kwa ncha za vidole, uzito wa chuma chenyewe unatosha. Kichwa cha mashine ukiinamishe kiasi cha nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, uende vipande vifupi vifupi. Na mlalo usiukisie. Acha ndevu siku nne, pitisha kidole shingoni kila upande, usikie zinakokwaruza: huko ni kinyume, na kidole kinakoteleza ndiko zinakolala. Zangu upande wa kushoto zinalala kuelekea sikioni, kitu ambacho kwa miaka 34 sikuwahi kukijua.

Kama mashine yako nayo ni ya mitumba, ukishafunga wembe angalia kwa juu: utokeze sawasawa pande zote mbili. Ukiwa umekaa upande, fungua ufunge upya. Wembe ni wembamba sana, kama sehemu moja ya kumi ya milimita, unapinda kirahisi.

Sikukatazi Feather. Mimi mwenyewe leo natumia nyembe kali, hazivuti, na vipele vimepungua kweli. Yule muuza duka alisema kweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo niliyovalia skafu.

Sabuni: yoyote yenye povu zito, na maji ya moto kwanza. Brashi, chukua ya bei unayoiweza. Ijumaa nenda kwa kinyozi akupitishie mashine ya umeme, abakize ndevu fupi fupi, hakuna atakayekushangaa kwenye sendoff. Feather zijaribu Jumapili asubuhi. Hapana, Jumapili kuna kanisa na wageni bado wapo. Jumatatu usiku.