Jibu: Kuwawekea wateja programu za kraki ni wizi?

Mkuu, fundi mwenzangu wa kompyuta, umeuliza kama ni kosa kumwekea mteja Photoshop (programu ya kuhariri picha) ya kraki, yaani iliyovunjwa kinga ili itumike bila kulipiwa leseni, ilhali wenye nayo, kampuni ya Adobe, wako Marekani na wana hela zao. Kisheria hakuna ubishi: Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda programu za kompyuta pia.

Kinachonikera mimi ni kwamba unamtoza mteja. Mwanafunzi anayejifunzia chumbani kwake nitamwelewa, ingawa simpigii makofi. Wewe unapokea pesa kwa jasho la mtu mwingine, halafu nyimbo za wasanii wetu wa Kigoma zikijazwa kwenye flashi kwa buku, tunapiga kelele! Na kabla ya kuweka hiyo kraki si unazima antivairasi kwanza, na kuacha mlango wazi kwa virusi? Mteja umemwambia? Laptopu ina picha za watoto wake na nywila zake zote.

Hapa Mwanga, mteja wa steshenari namwekea LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka kama Word, bure na halali. Jedwali la Word likivurugika akilifungua humo, namwelekeza aombe faili kwa PDF. Wa kadi za harusi nampa Inkscape ya kuchora na GIMP ya kuhariri picha, nazo za bure. Hununa mwanzoni, kisha huzoea. Aking'ang'ania kraki, mafundi wengine wapo, aende tu.