Kabla ya kulipa karo, ingia karakana ya chuo

Karakana yetu ya friji iko Kariobangi, Nairobi, na kila mwaka tunapokea wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanaokuja kujifunza kazini. Wengi ni werevu. Atakuchorea mzunguko wa gesi ndani ya friji bila kufungua daftari. Kisha unampa friji ya kisasa, naye anawasha moto wa kuchomelea ili akate bomba, ilhali kibandiko nyuma kimeandikwa gesi ya R600a. Hiyo gesi inashika moto! Chuoni alifundishwa kwa friji kuukuu za gesi ya R134a, ambazo hazina hatari hiyo, kwa hivyo hajazoea kusoma kibandiko kwanza.

Kijana simlaumu. Walimu wake wengi walitoka darasani wakaingia darasani. Wizara ikiniuliza, nitasema mwalimu wa ufundi arudi karakana kila baada ya miaka michache, na fundi anayemsimamia mwanafunzi awe na alama za kumpa. Kwa sasa kazi yetu ni kutia sahihi tu. Nimeletewa logibuku, daftari la kuandika kazi za kila siku, ya miezi 3 iliyojazwa kwa kalamu moja, bila doa hata moja la grisi. Karakana gani hiyo?

Ujerumani, mwanagenzi hugawa wiki yake kati ya kampuni na shule, na kampuni humlipa. Hapa waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, pesa za mafunzo zinazokwenda NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Sehemu yake ingemfuata mwanafunzi hadi kwetu jua kali, maana huku ndiko wengi huishia kupata kazi.

Halafu kuna hii tamaa yetu ya digrii. Mwaka 2013 Kenya Polytechnic, iliyoanza kama chuo cha ufundi, ilikamilisha safari yake ya kuwa chuo kikuu, na wengi tukashangilia. Mimi hadi leo natafuta mtu wa kuunga bomba la shaba lisivuje.

Kwa hivyo mzazi, kabla ya kulipa karo omba kuona mashine. Uliza zilinunuliwa lini, na wanafunzi wangapi hutumia moja. Ukiambiwa mwenye ufunguo hayupo, umeshajibiwa.

Nawe uliyejifunza kwa mikono bila cheti, NITA hutahini mafundi kwa madaraja, kuanzia Grade III, la chini kabisa. Ofisi zao ziko Industrial Area, Nairobi. Ulizia tarehe za mtihani mapema, na usome nadharia kidogo. Mikono yako tayari inajua mengine.